Risasi Ndefu Kuliko Chemba

Jumapili, saa mbili na robo asubuhi, mwili wa Orval Skaar, mfugaji wa miaka sitini na tisa, ulikutwa kwenye theluji juu ya Korongo la Pruett, Montana. Risasi moja ilikuwa imempitia ubavuni na haikupatikana. Hatua mia mbili kutoka hapo, nyuma ya gogo, mpelelezi Lenore Tvedt aliokota ganda la risasi lisilo na kichwa. Fataki yake, kiwashio kilicho kitakoni mwa ganda, haikuwa imepigwa. Baruti ilikuwa imemwagika kando, punje nyeusi juu ya theluji.

Saa nane mchana Thane, mpwa wa marehemu, alikuwa mahabusu. Ijumaa walikuwa wamegombana hadharani kuhusu malisho, na bunduki yake ilikuwa ya kipimo kilekile cha ganda lililookotwa. Mwendesha mashtaka alisema atafungua kesi ya mauaji Jumatatu, saa kumi jioni.

"Nilimwita mzee mbishi," Thane alisema. "Kama hilo ni kosa, lifungeni bonde zima."

"Risasi unatengeneza mwenyewe?" Lenore aliuliza.

"Mimi? Nanunua dukani kama mtu mwenye akili. Hao wazee na mizani yao ya baruti, waache wapime mpaka wapofuke."

Lenore aliichukua bunduki ya Thane kutoka chumba cha ushahidi. Ilikuwa ya babu yake, na mtutu ulikuwa umelika kwa miaka hamsini. Alikipaka masizi kichwa cha risasi, akakichomeka kwenye ganda lisilo na baruti, kikiwa kimejitokeza nje kadiri ganda lilivyoweza kukishika. Akafunga komeo la bunduki. Lilifunga laini. Alipokitoa, masizi yalikuwa mazima: kichwa hakikugusa michirizi iliyochongwa ndani ya mtutu. Bunduki hii isingeweza kunasa kichwa cha risasi na kuacha ganda kama lile la nyuma ya gogo.

Jumatatu saa sita mchana alikwenda kwa Hollis Brandvold, jirani wa Orval, aliyeishi kwa kuongoza wawindaji. Bondeni hakuna aliyemzidi kwa kutengeneza risasi.

"Karibu, bibie. Kahawa ni ya asubuhi, lakini haiui."

"Ganda limetoka, kichwa kimebaki ndani ya mtutu. Inatokeaje?"

"Rahisi. Risasi ni ndefu kuliko chemba, pale inapokaa nyuma ya mtutu. Kichwa kinang'ang'ania kwenye michirizi. Ukivuta komeo, ganda linakuja peke yake na baruti inakumwagikia. Kosa la kitoto. Na bunduki ya yule kijana ilivyo mbovu..."

"Ya Thane nimeipima. Haigusi."

Hollis aliacha kukoroga kahawa.

Ukutani ilining'inia bunduki yenye kitako kilichochubuka na mtutu unaong'aa.

"Mtutu mpya huo?"

"Septemba. Wa zamani ulikuwa umekwisha."

"Na risasi ulizozitengenezea ule wa zamani?"

"Kutupa risasi nzuri siwezi. Nilizirekebisha, zote, nikazifupisha."

Lenore aliweka hati ya upekuzi mezani, kisha akashusha boksi lililoandikwa kwa mkono wa Hollis: *Oktoba, mtutu mpya, inchi 3.31.* Alipima risasi moja baada ya nyingine. Zilikuwa kumi na saba. Kumi na tano zilikuwa na urefu ulioandikwa. Mbili zilikuwa na inchi 3.40.

"Hizi zilikupita, mzee."

Lenore aliitungua bunduki ukutani, akachukua moja ya zile mbili, akaisogeza kwenye chemba.

"Usiiweke!" Hollis alisema. "Itanasa tena."

"Umejuaje?"

Hollis alikaa kwenye stuli yake.

"Orval aliniona nikiwapeleka wateja kuwinda ndani ya hifadhi," alisema. "Leo alikuwa aende kwa maofisa wa wanyamapori. Wangenifutia kibali. Miaka thelathini na moja, Lenore. Kazi nyingine siijui."

"Risasi ya pili ilikuwa ya nini?"

"Alikuwa bado anatambaa. Nilitaka kummaliza asiteseke. Komeo likagoma."

"Ukamsogelea?"

"Mtutu ulikuwa umeziba. Niliondoka."

Saa tisa na nusu Thane alitolewa mahabusu. Aliambiwa muuaji ni nani, na kwa nini. Alisimama kaunta akifunga mkanda wake.

"Mjomba alikufa papo hapo?"

Ripoti ya daktari ilikuwa mkononi mwa Lenore. Ilisema alichukua karibu saa nzima kufa.

"Hapana," alisema, akamsogezea fomu ya kutia saini.