Bawaba Isiyo na Mdomo

Saa moja na dakika ishirini na nane asubuhi, presi namba tatu ya kiwanda cha bawaba ilizimwa, na mkono wa kushoto wa Mzee Taratibu ukiwa ndani yake. Alifariki garini, kabla ya kufika hospitali.

Inspekta alifika saa mbili na dakika kumi. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye daftari dogo na maneno ya kuhesabika. Meneja alipotaka kumwonyesha damu, alisema damu ameshaiona. Alitaka kuonyeshwa kazi.

Kazi yenyewe haikuwa na siri. Mtu huweka bamba la chuma juu ya kalibu, kile kiolezo cha chuma kinacholipa bamba umbo, kisha hubonyeza vitufe viwili kwa pamoja, kimoja kwa kila mkono. Presi haishuki mpaka vyote viwili vibonyezwe, na mkono ulio kwenye kitufe hauwezi kuwa chini ya presi. Lakini asubuhi hiyo kitufe cha kushoto kilikuwa kimefungwa kwa tepu nyeusi ya umeme, na presi ile ya zamani haikujua tofauti kati ya tepu na kidole.

Meneja alisema marehemu alikifunga mwenyewe ili awahi. Wafanyakazi wawili waliosimama karibu wakatazamana. Walimweleza Inspekta kwamba mzee yule alipewa jina la Taratibu kwa sababu hata chai aliinywa kwa hatua. Wao ndio waliosikia kelele. Walimkuta Msanifu, mchoraji wa bidhaa na wa taratibu za kazi, amekwisha kuzima mashine. Msanifu akamtuma mmoja kuita gari, mwingine kuleta machela. Waliporudi, zilikuwa zimepita kama dakika nne.

Tepu iliwafikisha Inspekta na askari wake kwa fundi wa mitambo. Mkato wake ulilingana sawasawa na roli ya tepu iliyokuwa kwenye sanduku lake la vifaa. Zaidi ya hayo, fundi alikuwa mkwe wa marehemu, na jana yake, saa kumi na robo alasiri, watu waliwaona wakibishana kwa ukali kando ya presi hiyohiyo. Askari walimweka stoo, pingu mkononi.

"Mlibishania nini?" Inspekta aliuliza.

"Mambo ya kifamilia, afande."

"Kando ya presi namba tatu?"

Fundi aliisogeza pingu juu ya kifundo.

"Na tepu?"

"Ni yangu. Sanduku langu liko wazi mchana kutwa, kila mtu anachota. Hata miwani ya meneja imeshikwa na tepu yangu."

Hilo lilikuwa kweli. Inspekta alikuwa ameiona. Lakini la ubishi fundi hakulisema, na anayeficha neno siku ya msiba huwa na sababu.

Mlangoni alisimama mke wake. Alikuwa binti pekee wa marehemu, na kazi yake ilikuwa kupakia bawaba katika maboksi. Hakuwa akilia.

"Baba nimempoteza asubuhi," alisema. "Mume wangu mnamchukua mchana. Afande, jioni nirudi nyumbani kwa nani?"

Inspekta hakumwahidi kitu. Alimwomba amwonyeshe jinsi baba yake alivyofanya kazi. Binti alisimama mbele ya meza tupu, akachukua bamba lisiloonekana, akaliweka, akaondoa mikono yote miwili, akaitua kulia na kushoto, akasubiri, akatoa. Alirudia mara tano. Inspekta alitazama saa yake: sekunde kumi na nne kila mara.

"Alinifundisha mwenyewe," binti alisema. "Alikuwa akiniambia, mikono itoke kwanza, haraka itakuja yenyewe."

Inspekta alirudi kwenye presi peke yake. Juu yake palikuwa na namba zinazohesabu mapigo, ambazo hurudishwa sifuri kila zamu inapoanza. Zilisomeka mia moja themanini na saba. Zamu ilianza saa moja kamili. Dakika ishirini na nane kwa mapigo hayo ni sekunde tisa kwa pigo. Kwa sekunde kumi na nne yasingezidi mia na ishirini. Kwa hiyo kitufe cha kushoto kilikuwa kimeshikiliwa tangu pigo la kwanza.

Akakiinamia. Glavu za mzee zilikuwa zimelowa mafuta, na mafuta yalikuwa yametapakaa kila mahali isipokuwa kwenye tepu. Tepu ilikuwa safi. Alipoibandua, chini yake, kukizunguka kitufe, palikuwa na alama ya mraba isiyo na mafuta, ukubwa wa kiberiti. Kitu kingine kilikaa hapo asubuhi yote, kikaondolewa.

Akainua macho. Ndani ya mfuko wa plastiki palining'inia karatasi ya kazi, ile inayomweleza mfanyakazi hatua zake na muda wake, ambayo kila mmoja hutia sahihi mbinu inapobadilika. Ilisema sekunde kumi na nne, mikono yote miwili. Sahihi ya marehemu ilikuwapo. Mchoro wake ulionyesha bawaba yenye mdomo, yaani ukingo mdogo uliokunjwa, ambao hung'ata kalibu na kulifanya bamba likae lenyewe. Inspekta akachukua bawaba moja kutoka kwenye sanduku lililokuwa chini ya presi, kisha ya pili, kisha ya kumi. Zote zilikuwa bapa. Hakuna hata moja iliyokuwa na mdomo.

Saa tano kasoro robo aliwaita meneja, fundi na mkewe katika chumba cha michoro. Msanifu alikuwa amekaa nyuma ya meza yake, shati limepigwa pasi. Katikati ya chumba ulisimama mfano wa mbao wa presi, wenye ukubwa kamili. Ndivyo walivyopima kila kazi mpya kabla ya kuipeleka kiwandani.

"Karatasi niliyoikuta kwenye presi ni ya bawaba ya zamani," Inspekta alisema. "Ya bawaba mpya iko wapi?"

"Haijatoka bado."

"Mapigo mia moja themanini na saba yametoka." Alielekeza kidole kwenye mfano. "Mfano huu una kitufe cha kulia tu. Kushoto umechora kiganja kwa penseli, kimelala juu ya bamba. Ulisanifu kazi ya mkono mmoja."

Askari alikuwa amekwisha kupekua pipa la vipande vya mbao. Aliweka mezani kabari ndogo ya mraba, ukubwa wa alama ile ya kwenye kitufe, yenye mafuta upande mmoja. Kutoka kwenye mtoto wa meza akatoa karatasi iliyosema sekunde tisa, yenye alama za vidole vya mafuta. Nafasi ya sahihi ilikuwa tupu.

Msanifu aliigeuza karatasi kifudifudi.

"Wenye kiwanda walikuwa wanakuja leo saa nne kuiona," alisema. "Mdomo ule unakula chuma, unakula pigo zima. Niliuondoa. Lakini kwenye jaribio bamba likawa linateleza. Nikaona kidole kimoja kinatosha kulishikilia."

"Kidole cha nani?"

Msanifu alizipanga penseli zake mezani.

"Mzee alisema nini?"

"Alikataa kutia sahihi. Nikamwambia ni amri. Akasema atafanya mpaka wageni waondoke, kisha hatagusa tena."

"Na tepu?"

"Nilitaka ionekane alifunga mwenyewe, ndiyo maana nikarudisha na karatasi ya zamani. Fundi sikumkusudia."

"Ulipomwona na pingu, ulisema?"

"Sikusema."

Inspekta alifunga daftari. "Ulikuwa na dakika nne. Mkono unaovuja damu ulihitaji kufungwa kwa chochote, hata kwa tepu. Wewe ukafunga kitufe."

Askari wakamchukua. Pingu za fundi zikafunguliwa, lakini yeye hakuondoka. Alisimama akijisugua vifundo.

"Afande, andika na langu," alisema. Hakumtazama mkewe. "Jana saa kumi na robo mzee aliniita akanionyesha kabari ile. Aliniambia, wewe ndiye fundi, itoe. Nikamwambia Msanifu ni mkubwa wangu, tusiharibu siku ya wageni. Kisha nikatia sahihi kwamba mashine ni salama."

Inspekta akaandika. Chumba chote kilisikia kalamu.

Binti aliokota mkoba wa baba yake, aliokuja nao, wenye chupa yake ya chai, akautundika begani. Alipita mbele ya mumewe bila kumgusa. Mlango wa chumba kile ulikuwa na bawaba za zamani, zenye mdomo. Ulijifunga nyuma yake taratibu, bila kelele.