Oili Iliyotoka Baridi

Fundi yeyote wa injini anajua kwamba oili humwagwa injini ikiwa bado ya moto, ndipo inashuka yote na uchafu wake. Christophe naye alijua. Aliiwasha ile trakta ndogo ya bustani, akaiacha ingurume uani mpaka bati lake likawa haligusiki, ndipo akaizima, akajilaza chini yake na kulegeza kizibo. Oili ikamshukia kiganjani. Akautoa mkono upesi, halafu akaurudisha taratibu na kuuacha humo.

"Mama, kuja uguse," alimwita mkewe. "Moteri inaunguza, lakini mafuta yake iko baridi."

Anastasie hakwenda. Tumbo lake lilikuwa limeingia mwezi wa kujifungua, na kuinama chini ya trakta haikuwa kazi ya mtu wa hali yake. Alikaa barazani akichambua majani ya muhogo ya kupika sombe. Hata pale harufu ilimfikia: dizeli, na chini ya dizeli kitu kingine, harufu ya mawe yaliyolala majini bila kuona jua. Oili iliendelea kushuka. Ikajaza beseni, ikajaza bidoni, dumu la plastiki, ikaanza bidoni nyingine, na Christophe, badala ya kujiuliza injini ya udogo ule ilikuwa imeificha wapi, alifurahi kama mtu aliyepewa nyongeza sokoni.

Trakta aliitoa Salamabila, kwa mchimbaji mmoja aitwaye Ushindi, aliyekuwa akiitumia kuvuta maji kwenye shimo la dhahabu. Ushindi alimpa sharti moja: asimwage oili kamwe, aongeze tu juu ya ile iliyomo. Christophe alilicheka sharti hilo njia nzima hadi Kasongo. Sasa alikuwa anabadilisha kila kitu, oili, maji ya rejeta, mafuta ya giaboksi. Ndivyo alivyoumbwa, ukimwambia usiguse, vidole vinamwasha.

Na oili chafu nani anaitupa? Ndiyo dawa ya mchwa. Mchana ule, Anastasie akiwa amejinyoosha kitandani, Christophe alichukua brashi akapaka nguzo za nyumba, miimo ya mlango wa mbele na wa nyuma, mbao za madirisha, hata miguu ya kitanda. Katika usingizi wake mwepesi Anastasie aliisikia uani sauti ya Safia, mkunga wa maternité, nyumba ya uzazi ya kata yao.

"Papa Christophe, utugawie kidogo. Kule kwetu muchwa inakula mupaka milango."

"Beba bidoni muzima, mama."

Alipoamka alitaka kwenda chooni, nyuma ya nyumba. Akafungua mlango wa nyuma, akavuka kizingiti, na akajikuta anaingia sebuleni kwa mlango wa mbele.

Alisimama. Alidhani ni usingizi haujamtoka. Akageuka, akatoka kwa mlango huo wa mbele, akiliona jua, akiiona trakta na miguu ya mumewe imechomoza chini yake, akakanyaga mchanga, au alidhani amekanyaga, maana mguu ulitua juu ya sakafu, na mlango wa nyuma ulikuwa mgongoni pake, na jua lilikuwa limebaki nje.

"Papa," aliita kwa sauti ndogo. "Nyumba inanirudisha."

Christophe alikuja akicheka, akamwambia mimba inachosha kichwa, akamshika mkono watoke pamoja. Walitoka pamoja. Christophe alifika uani ameshika hewa, na nyuma yake, ndani ya nyumba, mkewe alikuwa anaingia tena, mkono bado ameunyoosha. Alijaribu dirisha. Alijaribu kumbeba. Kila mara mikono ilibaki mitupu, na kila mara kicheko chake kilipungua, mpaka kikaisha.

Hapo ndipo hofu ilimshika Anastasie barabara. Mwaka uliopita alijifungulia humu humu, mvua ikiwa imefunga njia, na mtoto akafa kabla hajapewa jina. Tangu mimba hii ilipoingia alikuwa ameomba jambo moja tu, kwamba huyu azaliwe maternité, mikononi mwa mkunga. Hakuwa na ombi la pili.

Christophe alikimbia kumtafuta Maalim Bulaimu, aliyejulikana kwa kufukuza majini kwa kisomo. Anastasie, mwimbaji wa kwaya, aliyekuwa akiwatania majirani zake kila walipokwenda kwa maalim, alimhimiza afanye haraka.

Akabaki peke yake na zile nguzo. Mchana ulikuwa mweupe, kuku wanaparua nje, mtu anapita barabarani na redio yake. Kisha akasikia mlio. Tok, tok, tok. Ulikuwa mlio wa injini ya dizeli iliyotulia, lakini trakta ilikuwa uani, tumbo tupu, kizibo kimelala kwenye mchanga. Mlio ulitoka kwenye mwimo wa mlango, ukahamia kwenye nguzo, ukapita nguzo kwa nguzo ukizunguka chumba bila haraka, na ile harufu ya mawe ya maji ikawa nzito hata akaionja ulimini, na mlio ukaingia kwenye miguu ya kitanda alichokalia, ukanyamaza, na alipoanza kumshukuru Mungu kwamba umenyamaza, mtoto akapiga teke, akapiga tena, akaendelea kupiga kwa mwendo ule ule mmoja usiochoka, tok, tok, tok, na tumbo lake, ambalo siku zote lilikuwa na joto, likaanza kupoa chini ya viganja vyake.

Maalim Bulaimu alipofika alinusa mlango kwanza. Hakuuliza mengi.

"Ile shimo ilikuwa na mwenyewe," alisema kwa kunong'ona, macho kwenye nguzo. "Wachimbaji walimufunga ndani ya moteri. Moteri iko moto, inapiga, yeye akatulia. Wewe umemutoa, umemupaka kwenye nyumba."

"Mbona mimi ninapita?" Christophe aliuliza.

"Wewe una moyo moja tu, hakutaki. Anatafuta pahali pa moto pa kukaa. Mwenye kubeba mutoto, ule hamuachilie."

"Anataka mutoto wangu," Anastasie alisema.

Bulaimu alimgeukia mumewe. "Rudisha mafuta yote ndani ya moteri. Yote. Hata tone isibakie kwenye ubao."

Christophe alifanya kazi kama mwizi aliyesikia kelele. Alikaza kizibo, akamimina bidoni iliyobaki, akakwangua miimo na nguzo kwa panga, akang'oa mbao za madirisha, akatupa miguu ya kitanda nje, akaviloweka vipande vyote kwenye beseni la dizeli, akachuja na kumimina. Bulaimu alisoma bila kupumzika. Uchungu wa kwanza ulimjia Anastasie akiwa ameketi sakafuni. Aliuma khanga yake, maana aliona kama kitu kile kinasikiliza.

Trakta iliwaka kabla Christophe hajajaribu kuiwasha. Tumboni mateke yakakatika, na joto likarudi polepole. Anastasie akainuka, akaelekea mlangoni palipobaki udongo mtupu, akafumba macho, akavuka. Mchanga ulimchoma nyayo. Alilia kwa furaha ya kuchomwa.

"Imerudi yote?" Bulaimu aliuliza, kiganja juu ya bati.

"Yote, maalim," Christophe alijibu, na kwa kweli hakuwa anadanganya. Kichwa chake kilikuwa kwa mkewe, aliyekuwa ameshikilia mti wa uani, uchungu wa pili umempata.

Pikipiki iliwafikisha maternité jua likingali juu. Christophe alibaki nje akifungua mzigo. Safia alimpokea Anastasie mlangoni, akamshika kiuno, akamwingiza, naye aliingia akitabasamu katikati ya maumivu, kwa sababu alikuwa amefika, ombi lake limesikilizwa.

Ndani, akina mama watatu walikuwa wamekaa kitandani bega kwa bega, mizigo imefungwa, watoto wachanga mapajani.

"Hawa waliruhusiwa tangu mchana," Safia alisema akicheka. "Wamependa vitanda vyangu, hawataki kurudi nyumbani."

Yule wa karibu aliinua macho. Alikuwa msichana mdogo, midomo imemkauka.

"Nikiwa peke yangu, mama, ninatoka vizuri," alimnong'oneza Anastasie. "Ni nikimubeba mutoto ndiyo ninajikuta humu."

Anastasie alivuta pumzi, na akayanusa mawe. Aligeuka. Miimo ya mlango ilikuwa myeusi, inang'aa, brashi ilikuwa imefanya kazi safi, na nje, hatua chache tu, Christophe alikuwa anakuja na kapu la nguo za mtoto.