Kengele ya Mzee Mwashi

Jirani zangu walikuwa watu watatu wa amani: mzee mmoja, mwanawe na mkazamwana. Mzee alikuwa mwashi, hadi kiharusi kilipomwacha hana miguu wala kauli, ila mkono wa kulia. Mwanawe, fundi kompyuta, akamfungia kitufe kitandani. Mzee akikibonyeza, kompyuta ya sebuleni inalia kengele. Siku ya kwanza alibonyeza bila haja yoyote, akacheka mpaka machozi yakamtoka.

Kisha fundi akapagawa na Linux, mfumo wa kompyuta ambao mtu anaweza kuujenga upya mwenyewe. Ile ya kawaida haikumtosha. Akaanza kujijengea kerneli, yaani kile kiini kinachoendesha kompyuta nzima. Anaondoa sehemu anazoona hazina kazi, anaifungasha iwe kifurushi, anaisakinisha kwenye kompyuta ile ile ya sebuleni, anawasha upya, anahesabu sekunde. Chakula kinapoa mezani. Mzee anaogeshwa na mkazamwana peke yake.

"Sekunde nane tu imewaka!" alitamba mchana mmoja. "Nimeipunguza mpaka imekonda."

"Na kengele ya baba umeijaribu?" mkewe aliuliza, kapu mkononi, akienda sokoni.

"Wewe nenda, bwana. Nitaijaribu baadaye."

Hakuijaribu. Ndugu msomaji, katika kupunguza kwake alikuwa ameondoa na sehemu ya sauti. Akavuta kiti, akaanza kujenga toleo jingine, mgongo ameupa mlango wa baba yake. Kutoka pale hadi kitandani ni hatua kumi, nimezipima mwenyewe.

Mkewe aliporudi alimkuta mzee amepaliwa na matapishi, mwili umeshapoa.

"Mbona hakuniita?" fundi alilia. "Nilikuwa hapa hapa!"

Mkewe alikuwa akimfuta mzee mdomo.

Baada ya maziko nilikaa na fundi alipofungua kumbukumbu za kompyuta. Kitufe kilibonyezwa mara kumi na tisa, ndani ya dakika arobaini. Nililia tu.

Mafunzo

Enyi mafundi, mkibadilisha kitu kinachotegemewa na uhai wa mtu, kijaribuni kwanza, ndipo mjisifu. Nasi wengine, mgonjwa tusimwachie mashine, tunyanyuke tukamtazame. Yule fundi alimpenda baba yake, nami ni shahidi. Ila upendo wenyewe aliuweka kiporo.