Ng'ombe wa Mama Kwenye Picha ya Mahari

Wajukuu zangu wa humu Fesibuku, mmewahi kukabwa koo na ndugu mliyenyonya naye ziwa moja?

Mimi nimekabwa. Wiki iliyopita, sebuleni kwangu, hapa hapa Nkololo!

"Leta hiyo picha, Filo!"

"Sileti!"

Kaka yangu Masunga akanikaba koo, akanibamiza ukutani. Jino likang'oka, nikalimeza na damu yake...

Ngoja niwaeleze taratibu.

Mama yetu, Nyanjige, alikatwa mapanga nikiwa darasa la saba. Kijiji kikasema mchawi, eti macho yake mekundu. Jamani, si moshi wa mavi ya ng'ombe aliyokuwa anapikia? Mifugo yake ikaibwa siku ileile. Habari ilitoka gazetini, na kile kipande ninacho mpaka leo, kimekuwa cha njano.

Nilitaka kumjua muuaji kabla sijafa. Ndiyo maana nazunguka naomba picha za zamani za ukoo.

Sasa wifi yangu Veronica, mke wa Masunga, alienda kwao Bukundi kumzika mama yake. Akaniletea picha ya huko: siku Masunga alipopeleka mahari. Ng'ombe wamejaa uani, bwana harusi mbele, meno yote nje.

Nikavaa miwani.

Mungu wangu!

Yule wa pembeni... mweusi, kiunoni mweupe kama kafungwa kanga, pembe moja imeinamia jicho. Nilimkamua yule! Msukuma hasahau ng'ombe wa kwao.

Nikamwita Masunga.

"Kaka, huyu ulimtoa wapi? Si ulisema uliwanunua kwa hela ya pamba?"

Akaitazama. Akafunga mlango.

"Mama alininyima. Ningeoa na nini, upepo?"

"Ukamuua?!"

"Walishamwita mchawi. Nani angeuliza?"

Hapo ndipo akanirukia. Nilipong'ang'ania picha akachomoa panga, likanichana bega mpaka mfupa ukaonekana!

Akalinyanyua tena...

PAA!

Veronica, kaingia kwa mlango wa uani na mchi wa kinu. Mkono wa Masunga ukavunjika kama bua.

Nilipiga yowe. Vijana wakaja na mawe na petroli.

"Achomwe!"

Nikajitupa juu yake, damu inanitoka.

"Aende polisi! Mama yangu hakusikilizwa. Huyu atasikilizwa, aseme mbele ya watu!"

Wakampeleka Bariadi kwenye pikipiki, kafungwa kamba.

Wanangu, mkisikia bibi anaitwa mchawi, ulizeni kwanza nani anataka mali yake.

Tukabaki wawili. Veronica ananifunga bega.

"Wifi, alinipiga tangu nikiwa bi harusi. Kila nilipokimbilia kwetu, baba alinirudisha. Alisema ng'ombe wa watu wameshaliwa, atawalipa na nini?"

"Hawakuwa wa Masunga hao. Walikuwa wa mama yangu. Na mimi mwanaye sidai hata kwato."

Akakaa chini, akavua pete kwa shida, kidole kimevimba uzee.

"Basi, wifi... nataka kwenda nyumbani."