Mlango Alioufungua Chiriku

Kisa hiki nilisimuliwa na jirani yangu, fundi wa mitandao ya kompyuta, Jumapili iliyopita tulipokuwa tukianua nguo. Kinamhusu binti wa kaka yake, ambaye nyumbani na shuleni wanamwita Chiriku, maana mdomo wake haupumziki.

Baba yake Chiriku ni mpiga picha. Studio yake ni chumba cha mbele cha nyumba yao: pazia jeupe, taa za miguu mirefu, na kompyuta isiyozimwa usiku wala mchana. Haizimwi kwa sababu huwatumia wateja picha kwa intaneti, na picha za harusi moja tu huchukua kutwa kucha kufika. Kando yake ipo ruta, kile kisanduku chenye vitaa kinachopitisha intaneti ndani ya nyumba. Ruta hiyo ilikuwa bado imevaa nailoni ya dukani. Rimoti nayo ina nailoni, kiti kina nailoni. "Kipya hakichokonolewi," baba husema. Hata neno la siri la ruta lilikuwa lile lile la kiwandani, limebandikwa chini yake.

Jumamosi moja, baada ya kuosha vyombo na kufagia studio, Chiriku aliruhusiwa kucheza mchezo wa kompyuta na wenzake. Mchezo ukawa unakwamakwama. Akampigia simu rafiki yake.

"Si uutoe ule ukuta wa kinga!" rafiki akasema. "Mimi nimeutoa zamani. Mchezo unateleza kama sabuni."

"Baba kasema nisiguse mipangilio."

"Haya, kaa na baba yako mcheze bao."

Ukuta wa kinga ni programu inayochuja vinavyotaka kuingia kutoka nje. Chiriku aliigeuza ruta, akasoma lile neno la siri, akauzima ukuta wa ruta, kisha wa kompyuta. Kweli, mchezo ukateleza.

Kesho yake mchana aliingia studio na ufagio wake, akaona mshale wa kompyuta unatembea wenyewe. Hakuna mkono uliougusa! Kwenye skrini zilikuwa picha za harusi ya mwalimu wake wa darasa. Moja baada ya nyingine zilikuwa zikigeuka miraba mitupu. Na kadi za kamera zilikwishafutwa kwa ajili ya kazi nyingine. Zikipotea hizo, harusi ya mwalimu imepotea.

Baba alikuwa nyuma ya pazia akimchekesha mtoto wa mteja. Chiriku angeweza kunyata akatoka. Kompyuta huharibika zenyewe, nani angejua? Miguu ilishaanza kurudi nyuma. Mara mraba mwingine ukawa mtupu, ukameza uso wa bibi harusi. Chiriku akatupa ufagio, akachomoa waya wa intaneti kwenye ruta.

"Baba!"

Baba alipofika, Chiriku yule wa maneno elfu alipata machache tu. "Ni mimi. Jana nilizima ukuta. Kwa ajili ya mchezo."

Baba alishika kichwa. Hakupiga, hakufoka. Alimpigia simu dada yake, yule jirani yangu fundi wa mitandao.

Shangazi alikuja na mkoba wake, akavuta kiti. "Nani kachomoa waya?"

"Mimi, shangazi."

"Kabla ya kumwita baba yako au baada?"

"Kabla."

"Hongera, mwanangu. Ungechelewa kidogo, leo tungekaa matanga ya picha."

Chiriku alisimama nyuma yake hata kupepesa macho akasahau. Vidole vya shangazi vilikwenda bila pupa, kama vya mtu anayetoa mwiba. Aliisaka programu ya mwizi iliyopenya kutoka nje akaing'oa, akarudisha kuta zote mbili, akaweka neno la siri jipya.

"Ruta ni bawabu," alieleza huku akifanya kazi. "Ukuta humwambia bawabu: waliloliita wenyeji lipite, lisiloitwa lirudi. Intaneti yenu hailali, basi na wezi wake hawalali. Programu zao hupita nyumba hadi nyumba zikisukuma milango."

Akamgeukia baba. "Na wewe, kaka, neno la kiwandani! Umenunua kufuli ukatundika ufunguo hapo hapo." Akaivua ruta nailoni. "Na hii je, ilikuwa ikipumulia wapi?"

"Nilikuwa naitunza," baba akasema kwa sauti ndogo.

Zilizopotea ni picha za maharusi na wageni wakila. Chiriku aliomba ampigie mwalimu simu yeye mwenyewe, akaeleza bila kupunguza neno.

"Za kula?" mwalimu akasema. "Zinaniuma, nisikudanganye. Lakini mjomba wangu alikuwa anatafuna katika kila picha! Ungenyamaza, ningempoteza na mama yangu akicheza, naye hachezi kila siku. Asante kwa kunieleza."

Baba aliusimamisha mchezo hadi mwisho wa mwezi. Chiriku hakubisha.

Shangazi alifunga mkoba. "Mlango wa nyumba haufunguliwi kwa sababu rafiki kasema. Hilo ulikosea. Lakini mficha maradhi kifo humuumbua, nawe hukuficha. Ukikosea, sema mapema, dawa bado ipo."

Alipoondoka, baba alianza kunakili picha zote kwenye diski ya pili, maana sasa alijua kwamba nakala moja haitoshi. Usingizi ukamchukua kitini. Chiriku alimfunika shuka, akaenda kitandani akijiuliza kazi ya shangazi husomewa wapi. Alitaka kesho amuulize maswali kumi. Hajafika la tatu, akalala.