Mokami Anamsemea Mdogo Wake

Kila asubuhi Mokami alichota maji, akafagia uwanja, kisha akamshika mkono mdogo wake Mogesi, wakampelekea mama uji kwenye shamba la ujamaa. Njiani walikutana na wazee, na hapo ndipo kazi yake ilipokuwa ngumu.

Mogesi alikuwa na miaka mitano. Ukimwambia, "Sema shikamoo," alijibu, "Sema shikamoo," macho yake yako kwenye vidole vyake. Mzee Werema, mwenyekiti wa kijiji, aliona anadhihakiwa. Bibi alisema ni ukaidi, achapwe. Baba alisema atakua tu. Mama alimwagiza Mokami amsemee. Basi Mokami akawa anaamkia mara mbili, kwa sauti yake na kwa sauti nyembamba kama ya Mogesi.

Hakuelewa. Mtoto huyohuyo aliimba wimbo mzima wa redioni bila kukosea. Angekuwaje mjinga? Na kama si mjinga, mbona haombi hata chakula?

Siku ya kupima watoto, tabibu wa zahanati, Ndugu Athanas, aliinama akamuuliza Mogesi jina lake. Mokami akajibu kwa sauti nyembamba.

"Nimemuuliza mwenye jina," alisema Athanas. "Au kwenu mna mdomo mmoja?"

Mama, aliyesimama kando yao, alimkanyaga Mokami mguu anyamaze. Mokami alijua aibu itakayompata mama. Alijua pia kwamba baada ya miaka miwili Mogesi ataingia shule, na huko hatakuwapo wa kumsemea.

"Mimi ndiye ninayemsemea, Daktari," alisema polepole. "Yeye hurudia tu maneno yetu. Tangu aanze kusema."

Athanas hakukaripia. Alimuuliza mama mambo mengi, kisha akasema kwamba huo si ukaidi wala laana. Yeye mwenyewe hana hakika ni nini, lakini hospitali ya Musoma watajua.

Baba aliwapeleka huko mama na Mogesi. Daktari alieleza kwamba Mogesi amezaliwa na akili inayopokea mambo kwa njia yake. Dawa hakuna, ila hufundishika, na wangekuja mapema ingekuwa rahisi zaidi. Aliwaonyesha namna ya kusema naye kwa maneno machache, wakimwonyesha kitu chenyewe.

Waliporudi, Mokami aliuliza kama amekosa kwa kumwambia tabibu ukweli.

"Nimekosa mimi," alisema mama. "Nilijua zamani, nikaona haya kuuliza. Nilidhani namlinda, kumbe namchelewesha. Jambo la mtoto tusilolielewa, tuulize mapema."

"Na wazee wakimsalimu?"

"Nyamaza wewe. Mpe nafasi ajibu mwenyewe."