Dirisha Lililopakwa Rangi Nyeusi

Uzi ulivutika kabla Nyaguthii hajauvuta. Alikuwa ameketi kitandani na petikoti yake mpya, bega moja wazi, jua la asubuhi likimwangukia kutoka dirishani. Kamera aliiweka juu ya kabati, akafunga uzi wa kushonea kwenye kichuma cha kupigia, na ncha ya pili akaishika kiganjani. Kamera ikalia ta, na yeye bado hajavuta. Akajiambia ni upepo, ingawa dirisha lilikuwa limefungwa.

Mke aliyeokoka, anajipiga picha na petikoti! Lakini msimcheke mapema. Mumewe Ephantus alikuwa fundi wa reli Nairobi, na miezi ilikuwa inapita bila yeye kukanyaga nyumbani Kapseret. Majirani walinong'ona kwamba ana mwingine huko. Nyaguthii alitaka kumtumia picha moja tu, akumbuke ana mke, mama wa binti yake Muthoni.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya mzungu aliyeuza na kuondoka baada ya uhuru. Kampuni yao ya kununua mashamba ilipoichukua, wanachama waligawana vyumba kwa kura, na yeye akaangukiwa na chumba cha memsahibu, mke wa yule mzungu. Dirisha lake kubwa lilikuwa limepakwa rangi nyeusi, vioo vyote. Kila mtu alisema ni uchoyo, mzungu hakutaka Mwafrika afaidi hata jua. Nyaguthii akaikwangua kwa wembe na sabuni, huku akiimba, apate mwanga wa picha.

Filamu akaipeleka kwa Obiero, mpiga picha wa mjini Eldoret. Alipoenda kuchukua picha, Obiero alimsukumia bahasha bila kumtazama usoni.

"Mama, mimi sijaona kitu," alisema kwa sauti ya chini. "Lakini huyo mzee wako mwambie siku ingine akae tuli. Ametoka na ukungu."

Mzee gani? Nyaguthii alifungua bahasha njiani, amejificha nyuma ya mkaratusi. Katika picha ya kwanza mtu mrefu alisimama mlangoni. Katika ya pili alikuwa miguuni pa kitanda. Katika ya mwisho alikuwa ameinama, mkono juu ya lile bega lililo wazi, na penye uso hapakuwa na uso. Hofu ilimshika, lakini aibu ilimzidi: Obiero aliamini ana hawara. Akazichoma zote jikoni.

Tangu siku hiyo, kila jua lilipogusa kitanda, chumba kilinuka tumbaku ya kiko, na pale kabatini, ambapo kamera haikuwapo tena kwa sababu aliitumbukiza chooni kwa mikono yake mwenyewe, kitu kililia ta, kikanyamaza, kikalia tena ta, karibu zaidi, mpaka akawa anavalia nguo ndani ya blanketi, akilia humo humo bila sauti.

Mwishowe akamwendea Benta, mjane aliyekuwa yaya wa yule mzungu, ambaye bado aliishi katika chumba cha nyuma ya jiko. Benta alimsikiliza, kisha akafunga mlango.

"Memsahibu naye alikuwa anajipiga picha hivyo hivyo. Hiyo rangi ni yeye alipaka," alinong'ona. "Ni jini, na linakula aibu. Paka dirisha tena, halafu Alhamisi usimame kwa ushirika wetu wa maombi useme yote. Mficha uchi hazai, Mama Muthoni."

Rangi alipaka siku hiyo hiyo, na harufu ikaisha. Alhamisi, kwenye ushirika wa waliookoka, wanawake walitubu mmoja mmoja, huyu kusengenya, yule kutia maji kwenye maziwa. Nyaguthii akasimama, akazitazama zile nyuso, akatubu kwamba huchelewa maombi. Benta, aliyeketi kati yao, aliinamisha kichwa.

Pasaka Ephantus akarudi, mikono imejaa sukari na vitambaa. Akaketi kando yake kitandani, akatoa picha mfukoni mwa koti.

"Hii uliyonitumia ndiyo imenirudisha," alisema.

Hakuwa amemtumia yoyote. Katika picha alikuwa amelala fofofo, bega wazi, amepigwa kutoka juu. Dirisha nyuma yake lilikuwa jeusi, na bado mwanga wa asubuhi ulimjaa mwili mzima.

"Ila njia nzima nimekuwa nikijiuliza, Mama Muthoni," Ephantus akasema polepole. "Wewe ukiwa umelala, ni nani alikuwa anakupiga picha?"

Nyaguthii alifungua mdomo aseme yote, na aibu ikamfunga ulimi vile vile kama Alhamisi ile. Kabatini, kitu kikalia ta.